Mlipe Mtu Kabla Jua Halijachwa

Wanafunzi wapenzi, nanyi wenzangu mliokwisha kumaliza masomo na kuingia kazini, nataka kusema nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni ujira wa mtu mdogo. Wengi wetu twazijua Amri Kumi kwa moyo, na nyimbo za kanisa twaziimba bila kitabu. Lakini naona kwamba Ukristo wa mfanya biashara, au wa mtu ye yote mwenye mfuko, haupimwi Jumapili asubuhi. Hupimwa jioni ya siku ya kazi, wakati mtu aliyetutumikia anaposimama mbele yetu akingoja haki yake.

Tazameni mji wetu wa Kigali. Katika soko la Kimironko, na kule Nyabugogo yanakofikia mabasi ya mikoani, wako wapagazi tunaowaita karaningufu. Neno hili limetoka katika Kiswahili, nalo ni zuri ukilifikiri: karani wa ofisi hutumia kalamu, na huyu hutumia nguvu zake, lakini wote wawili ni makarani. Wako pia wasaidizi wa mafundi wa nyumba, wanaochanganya saruji na kupandisha matofali ghorofani. Wako madereva wa pikipiki, mama wauzao nyanya na parachichi, na vijana wa kazi za nyumbani. Watu hawa wote wanafanana kwa jambo moja: hawana nguvu ya kutulazimisha kulipa. Benki ikidai, twakimbilia kulipa. Kodi ya serikali ikifika, twalipa. Lakini kibarua huambiwa, "Njoo kesho." Na kesho huambiwa, "Njoo Jumatatu."

Mwenye kusema hivyo hudhani amechelewesha fedha kidogo tu. Hasha! Kibarua hana akiba. Ujira wa leo ndio chakula cha usiku wa leo. Ukiuzuia, atakwenda kukopa unga kwa mwenye duka, na kesho atarudi kazini ana deni pamoja na uchovu. Kwa hiyo wewe mwenye mali umekopa kwa maskini bila kumwomba ruhusa, wala faida humpi.

Musa alilijua sana jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aliwaagiza Waisraeli wamlipe kibarua siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na roho yake iko katika ujira ule. Tena soma Mambo ya Walawi, sura ya 19. Sura iyo hiyo yenye amri ya kumpenda jirani ndiyo yenye amri ya mizani ya haki, na ya kutoulaza ujira wa mtu mpaka asubuhi. Sisi ndio tuliozitenga amri hizi, moja tukaipeleka kanisani na nyingine tukaisahau sokoni.

Najua wako watakaosema, "Biashara ni biashara. Mtu akifuata hayo atafilisika." Basi na tuwatazame Wakristo waliojaribu. Huko Uingereza, katika karne ya 17, Wakristo waitwao Marafiki, au Quakers, waliona kwamba kuvutana kwa bei ni mlango wa uwongo, maana muuzaji hutaja bei asiyoitarajia, na mnunuzi naye vivyo hivyo. Wakaweka bei moja kwa kila mtu, tajiri na maskini. Mwanzoni watu waliwaepuka, kwa sababu Marafiki hawakuwa wakivua kofia mbele ya wakubwa, na wengi wao walitiwa gerezani kwa ajili ya imani yao. Baadaye watu walitambua kwamba hata mtoto akitumwa dukani kwao hapunjwi, wakarudi kununua. Kanisa hilo lilifika Kaimosi, nchini Kenya, mwaka 1902, na leo liko hata hapa Kigali.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya kwamba wema huleta faida sikuzote. Mjenzi asiyelipa vibarua wake aweza kutaja bei ndogo, akampokonya kazi yule anayelipa. Hapo ndipo imani inapohitajika. Mtu anayetenda haki kwa sababu ina faida, ataiacha siku itakapomtia hasara.

Nasi watu wa Kigali tunayo sababu ya pekee ya kuliangalia jambo hili. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Wanyarwanda walio wengi walikuwa wamebatizwa. Watu waliuawa hata ndani ya makanisa, na waliowaua walikuwa wamesali nao. Pale Gisozi wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Sisemi kwamba anayemdhulumu mpagazi ni sawa na muuaji. Hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Nasema tu kwamba ubatizo peke yake haukumzuia mtu kumdharau mwenzake, na ya kuwa dharau, kama heshima, ni mazoea.

Mtazameni Damas Gisimba, aliyefariki mwaka 2023. Alikuwa akitunza nyumba ya yatima Nyamirambo, kazi ya kulisha watoto wasioweza kumlipa. Siku mbaya zilipokuja mwaka 1994, alificha humo watu zaidi ya 400, na Mmarekani mmoja Msabato, Carl Wilkens, aliyekataa kuondoka Kigali, akawapelekea maji. Lango alilolifungua Gisimba siku ile ya hatari ndilo alilozoea kulifungua siku zote.

Basi tufanye nini? Kwanza, tupatane ujira kabla ya kazi kuanza, wala tusibadili neno kazi ikiisha. Pili, tulipe siku ile ile. Zamani watu walisingizia kukosa chenji. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu kwa dakika moja, na udhuru huo umekwisha. Tatu, tumwite mtu kwa jina lake. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, katika umuganda, bosi na kibarua hushika jembe pamoja. Haifai Jumatatu kibarua huyo awe hana jina. Nanyi mlio shuleni msiseme kwamba hamna wafanya kazi. Mpishi anayeamka kabla yenu, na mlinzi wa lango, je, majina yao mwayajua?

Kumkaba mama wa nyanya kwa ajili ya faranga 100, kisha kulipa hotelini pasipo hata kuisoma hesabu, si uhodari wa biashara. Ni kumwogopa mkubwa na kumwonea mdogo. Aliye na ujira wa mtu mfukoni mwake leo, na autoe leo.