Chombo cha vita kisicho na jina

Mtu akiona chuma chenye umbo la bomu, amekimbia: na amefanya vema. Asikiguse, awaite wenye kazi hiyo. Lakini katika masalio ya vita vya 1939-1945 kulikuwa na chombo kimoja kilichofanana na bomu, nacho si bomu. Ni rada, yaani mashine inayotuma mawimbi ya redio na kuyapokea yakirudi, ipate kujua kitu kilichojificha gizani au katika mawingu. Ilitundikwa chini ya bawa la ndege. Wamarekani waliiita AN/APS-4, Waingereza wakaiita ASH.

Tutaitambuaje? Tusome kwanza kibati chake. AN ni alama ya majeshi ya Marekani, la nchi kavu na la majini. A inayofuata maana yake huchukuliwa na ndege. P ni rada. S ni kazi ya kutafuta. 4 ni namba yake katika mfululizo. Basi kazi yote ya chombo imeandikwa katika jina lake.

Na kibati kikiwa kimeng'olewa? Tupime bomba la pembe nne linalopitisha mawimbi. Likiwa na upana wa milimita 25 hivi, kwa kawaida wimbi lake ni la sentimita 3, kama katika rada hiyo; likiwa na milimita 76, wimbi ni la sentimita 10.

Lakini tuangalie sana! Rada ikiwashwa, umeme wake hufika maelfu ya volti, nao waweza kubaki ndani hata baada ya kuizima. Tena rangi ing'aayo gizani katika saa za vipimo vya zamani mara nyingi ina radiamu. Tusiikwangue.

Taabu hii yote ina faida gani? Desemba 1945, mwalimu Bernard Lovell alipeleka rada ya jeshi mahali paitwapo Jodrell Bank, Uingereza. Mashine iliyotengenezwa kuongoza mizinga ikampa mwangwi wa vimondo vinavyopita angani. Mwaka 1957 darubini kubwa ya redio, yenye upana wa mita 76, ilianza kazi papo hapo.

Anayevunja chombo asichokijua hupata shaba ya kuuza siku moja. Anayeuliza kwanza hupata elimu, na pengine huokoa maisha yake.