Mtu Hujikuna Ajipatapo: Ngozi Kavu na Lugha ya Tiba Nafuu Turkana

Methali isemayo "mtu hujikuna ajipatapo" hutumiwa kumwasa mtu atende kadiri ya uwezo wake. Katika miji ya Lodwar na Kakuma, methali hiyo yaweza kuchukuliwa hata kwa maana yake ya juu juu. Lodwar hupata takribani milimita 200 tu za mvua kwa mwaka. Jua ni kali, na upepo ni mkavu. Ngozi hupauka, visigino hupasuka, na mwasho huwakosesha watoto na wazee usingizi. Hapana shaka kwamba wenyeji wanahitaji tiba nafuu za nyumbani. Linalopaswa kuhojiwa ni iwapo ushauri wanaopewa kwa Kiswahili unalingana na mahali wanapoishi.

Ushauri mwingi kuhusu ngozi kavu umetokana na nchi za baridi. Mgonjwa huambiwa ajilaze ndani ya hodhi la maji yaliyotiwa unga wa shayiri, au aweke chumbani mtambo wa kuongeza unyevu. Maneno hayo yanapotafsiriwa, sarufi huweza kuwa sahihi lakini manufaa yakakosekana. Kakuma, takribani kilomita 120 kaskazini magharibi ya Lodwar, Mto Tarach hubaki mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mama anayebeba maji kwa mtungi wa lita 20 hawezi kumlaza mtoto majini ili kumtuliza mwasho.

Kwa bahati njema, tiba ifaayo haihitaji maji mengi. Ngozi hukauka kwa sababu mafuta yake ya asili yamepungua, na unyevu uliomo ndani ukatoroka. Kuoga kwa muda mrefu na kwa sabuni nyingi huzidisha hali hiyo. Maji kidogo yasiyo moto yanatosha, na sabuni itumike hasa kwapani, kinenani na miguuni. Kisha, kabla ngozi haijakauka kabisa, ipakwe mafuta ili unyevu uliobaki ufungiwe ndani. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato ndiyo bora, na kopo dogo hupatikana dukani kwa bei nafuu. Mafuta ya alizeti nayo yanafaa. Wafugaji wa Kiturkana wamejipaka mafuta ya wanyama tangu jadi. Desturi hiyo ina mantiki ile ile, na haistahili kubezwa. Mwasho ukizidi, kitambaa safi kilicholoweshwa maji kiwekwe mahali panapowasha, na kucha za mtoto zikatwe ili asijichubue.

Yapo pia ya kuepukwa. Sabuni ya kipande ya kufulia, dawa za kuua viini zinazotiwa katika maji ya kuoga, na maji ya limau huikausha ngozi au kuichoma. Krimu za kung'arisha ngozi ni hatari zaidi, kwani baadhi yake huwa na zebaki au dawa kali ambazo hazipaswi kutumiwa bila ushauri wa daktari.

Hata hivyo, mafuta hayatibu kila mwasho, na hapa ndipo lugha inapokuwa na uzito. Ukurutu, choa, harara na upele ni maradhi tofauti, lakini katika mazungumzo ya kila siku yote huitwa "vipele". Upele husababishwa na vidudu visivyoonekana kwa urahisi, ambavyo huchimba ndani ya ngozi. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Dalili zake ni mwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole, viganjani au kiunoni, na jamaa kadhaa wa nyumba moja kujikuna. Mwenye upele akiambiwa tu ajipake mafuta, ataendelea kuwaambukiza wanaolala naye. Wote nyumbani wanapaswa kutibiwa kwa dawa ya zahanati wakati mmoja, hata wasiowashwa. Pale ambapo maji ya moto ya kufulia hayapatikani, nguo na matandiko yaweza kufungwa ndani ya mfuko kwa siku kadhaa ili vidudu vife. Vilevile, ngozi inayotoa usaha, au mwasho unaoambatana na homa, si jambo la kutibiwa nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya matabibu, si ya wanafunzi wa Kiswahili. Hoja hiyo haina mashiko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo na Warundi huishi jirani na Waturkana, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Tabibu anajua dawa. Lakini atamkapo "upele" na mama akasikia "vipele", dawa haifiki.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili zingefanya vyema kuwahimiza wanafunzi washirikiane na wahudumu wa afya kuandaa vijikaratasi vya ushauri, visomwe kwa sauti mbele ya watumiaji wenyewe kabla ya kuchapishwa. Istilahi isiyoeleweka kando ya bomba la maji Kakuma haijakamilika, hata ikiwa imeidhinishwa darasani.