Fundi, Usiguse Hizo Namba

Majira ya baridi yaliyopita, watatu miongoni mwetu tulikuwa tunakutana kila Jumamosi kwenye gereji ya baba wa mwenzetu mmoja, hapa Michigan. Kwa jina ilikuwa mazoezi ya Kiswahili. Kwa kweli ilikuwa Camaro ya 1969 ambayo Mzee aliinunua ikiwa imejaa kutu miaka mingi iliyopita, na ambayo Mama ameshaapa mara kadhaa kuiuza kwa kilo. Huko tulijifunza maneno ambayo darasani hatufundishwi: spana, rejeta, ringi, gasketi, na mengine yanayomtoka mtu kidole kikibanwa, ambayo mhariri hataturuhusu kuyaandika.

Mwezi wa pili bloku ya injini ilipelekwa kwenye karakana ya kuchonga vyuma ili uso wake unyooshwe. Iliporudi iling'aa kama sahani. Mzee aliizunguka mara moja, akainama upande wa mbele kulia, akapitisha kidole juu ya chuma.

"Wanangu, namba ziko wapi?"

Hazikuwapo. Zilikuwa zimekwanguliwa pamoja na uso wote. Fundi alipopigiwa simu alishangaa kwa nini tunalalamika: kazi ni safi, uso umenyooka, injini itawaka vizuri. Kwa kipimo chake alikuwa sahihi kabisa. Ndiyo maana tunaandika.

Kwa wasiojua injini, tueleze. V8 ndogo ya Chevrolet ya miaka ile ina bapa dogo la chuma mbele ya silinda za upande wa kulia, pale silinda hedi inapoishia. Kiwandani, injini ilipokwisha kuunganishwa, namba ziligongwa hapo. Herufi ya kwanza ni kiwanda: V ni Flint, mji wa hapa hapa Michigan, na T ni Tonawanda, New York. Tarakimu nne zinazofuata ni mwezi na siku. Herufi za mwisho zinasema injini ilikusudiwa gari la namna gani na giaboksi ipi. Mwaka 1969, kwa mfano, DZ ilikuwa ile ya inchi za ujazo 302 ya Camaro Z/28. Tangu 1968 iliongezwa pia sehemu ya namba ya gari lenyewe, kwenye bapa hilo au karibu na filta ya oili. Kwa hiyo ukisoma bapa, kisha ukachungulia namba iliyo kwenye dashibodi kupitia kioo, unajua kama injini na bodi vimekuwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Tatizo ni kwamba bapa hilo liko usawa mmoja na uso ambao silinda hedi inakalia. Kisu cha mashine kikipita, kinapita kote. Na namba hazina kina kirefu. Kuondoa elfu 10 za inchi, yaani kama robo ya milimita, kunatosha kuziharibu, na mafundi wengi huondoa zaidi ya hapo, kwa sababu kiwandani pistoni iliachwa chini ya uso wa bloku kwa takriban elfu 25 za inchi na wapenda mwendo wanataka iwe sawa na uso.

Hatusemi bloku isiguswe. Uso uliopinda au kuliwa na kutu hauwezi kuzuia maji na mgandamizo, na gari linalochemsha kila kilomita 20 halihifadhi historia ya mtu yeyote. Lakini gasketi haifiki kwenye bapa. Fundi anaweza kukata uso wote na kusimama kabla ya hapo, akaacha kidaraja kidogo ambacho hakimdhuru mtu. Inataka kisu kidogo na muda zaidi, na muda ni pesa. Basi atoze zaidi. Na kama uso umeharibika kidogo tu, akwangue kidogo tu, kisha gasketi nene ya siku hizi ifanye kazi ambayo ile nyembamba ya bati ya zamani isingeiweza.

Tunachodai ni kitu kidogo zaidi ya hicho: aulize. Kabla ya kuwasha mashine, amwambie mwenye bloku, "Namba hizi zitafutika, nikate au nisikate?" Wapo watakaojibu kata tu, ni injini ya kawaida, na wana haki hiyo. Wengine wanasema ni jukumu la mteja kusema mapema. Sisi hatukubali. Mteja analeta injini kwa fundi kwa sababu fundi ndiye anayejua kisu kinapita wapi.

Hapa tunadhani wazazi wetu wanaona jambo ambalo jirani zetu Wamarekani hawalioni upesi. Kenya na Tanzania namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, pamoja na ile ya chasisi. Ukibadilisha injini, lazima ukaeleze. Mtu aliyekulia Mombasa au Tanga anajua kwamba injini isiyo na namba ni injini yenye maswali. Hapa karatasi ya umiliki inataja namba ya gari tu, kwa hiyo ile ya injini inaonekana kama pambo la wakusanyaji matajiri. Mzee si tajiri. Alikuwa ameweka akiba miaka minne kwa kazi hii.

Kisha kuna watu wa "suluhisho". Wiki hiyo hiyo mmoja alimwambia Mzee, kwa nia njema kabisa, kwamba yuko mtu anayegonga namba upya kwa herufi zinazofanana na za kiwanda, hata kurudisha ile mistari myembamba sambamba ambayo mashine ya Flint iliiacha kwenye chuma. Mistari hiyo ndiyo wakaguzi wa magari ya zamani huitazama kwanza, maana mwongo huisahau. Tulijadiliana sana, na mmoja wetu alisema hadi leo kwamba kugonga namba ile ile kwenye bloku ile ile si uongo. Wengi wetu tunasema ni uongo. Namba ilikuwa ushahidi kwa sababu iligongwa na mfanyakazi wa siku ile, asiye na faida yoyote kwa gari hili. Ikigongwa na mwenye gari inakuwa maneno ya mwenye gari. Na mnunuzi wa kesho atajuaje yupi aligonga kwa moyo safi na yupi aliiokota bloku kwenye vyuma chakavu?

Mzee amekataa. Bapa litabaki tupu. Bahati nzuri binti yake alikuwa amelipiga picha mwezi wa kwanza, kwa ajili ya zoezi la msamiati, si kwa sababu ya busara. Picha hiyo, pamoja na risiti ya karakana na barua fupi ya Mzee inayoeleza kilichotokea, sasa iko ndani ya bahasha kwenye kisanduku cha dashibodi, na barua ina nakala mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili.

Injini inarudishwa kwenye gari Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani. Tunahitaji watu wawili wa kusukuma winchi. Chai na mahamri vipo, glavu mje nazo wenyewe.