AFYA YA JAMAA: Jino Lililokufa Laweza Kupata Damu Tena

Watu wengi hudhani ya kuwa jino ni kitu kikavu mfano wa jiwe. Sivyo. Ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo huingia hasa kwa tundu dogo lililo kwenye ncha ya mzizi.

Mtoto wa miaka minane aangukapo na kugonga jino la mbele, mishipa hiyo huweza kukatika. Nyama hiyo hufa, na mzizi ambao haujakomaa huacha kukua. Jino hubaki na kuta nyembamba, jepesi kuvunjika. Kwa miaka mingi madaktari waliweza kulisafisha na kuliziba tu.

Mwaka 2000 wataalamu nchini Marekani walieleza kuwa nyama ya jino ina seli shina, yaani seli changa ziwezazo kuzaa seli za aina nyingine. Mwaka 2003 zilipatikana pia katika meno ya utotoni. Seli hizo hutoa kemikali zinazochochea mishipa ya damu kuchipua.

Madaktari wa chuo cha utabibu cha jeshi mjini Xi'an, nchini Uchina, walichukua jino la utotoni la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza seli zake, kisha wakazipandikiza ndani ya jino lililokufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Baada ya miezi 12, vipimo vya wagonjwa 26 vilionyesha damu na fahamu zikirejea, na mizizi ikirefuka kuliko ya wenzao 10 waliotibiwa kwa njia ya zamani.

Hata hivyo, tiba hii haijawa ya kawaida hospitalini, na mzazi asikae akiingoja. Jino la ukubwani likitoka zima, lishikwe upande wa kutafunia, wala mzizi usisuguliwe. Lirudishwe mahali pake upesi. Ikishindikana, litiwe katika maziwa baridi, na mtoto afikishwe kwa daktari wa meno bila kukawia. Jino la utotoni halirudishwi.

Mzizi wa jino la mtoto ungali na mdomo mpana, na likiwahi kurudishwa, huenda mishipa ikaingia yenyewe. Baba awapo kazini, mama na watoto wakubwa yawapasa kuyajua haya kabla ya ajali, kwani jino halingoji.