Kifuta machozi cha tumbaku ki wapi?

Hivi majuzi, katika somo la isimu, niliandika ubaoni neno moja tu: solatium. Nikawaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wanieleze maana yake. Mmoja alidhani ni dawa ya malaria. Mwingine akakisia kuwa ni aina ya madini. Hapana hata mmoja aliyejua kwamba neno hilo limo katika kanuni za nchi yake, na kwamba limebeba fedha.

Kisa chenyewe ni hiki. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 iliunda hazina maalumu ya kugharimia vita dhidi ya uvutaji. Kanuni za mwaka 2014 zikaagiza kwamba kila mwenye kutengeneza bidhaa za tumbaku au kuziingiza nchini atoe kila mwaka asilimia 2 ya thamani yake. Mchango huo ndio uliopewa jina hilo la Kilatini. Kampuni ya British American Tobacco ilizipinga kanuni hizo mahakamani, kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Novemba 2019 iliitupilia mbali rufani yake.

Sheria basi ipo, na hukumu ipo. Lakini ni nani aulizaye habari za fedha hizo? Kwa maoni yangu, kitu kisicho na jina katika lugha ya watu hakina mdai. Nilipowafafanulia wanafunzi, msichana mmoja kutoka Lamu alisema, "Mwalimu, si hicho ndicho kifuta machozi?" Naam, ndicho. Darasa zima likaamka. Swali lililofuata halikuwa la isimu: "Kinakwenda wapi?"

Wapo watakaosema kwamba sigara hutozwa ushuru, na hilo latosha. La hasha! Ushuru huingia katika mfuko mmoja na mapato mengine, ukalipia barabara na mishahara. Mchango huu umetengewa kazi yake: utafiti, elimu kwa umma na kuwasaidia wanaotaka kuacha. Wengine watauliza mabango yana faida gani ilhali hospitali hazina dawa. Hao nawakumbusha kwamba wavutaji wengi huanza wakiwa vijana, na kijana asiyeanza hatakihitaji kitanda cha saratani ya mapafu. Nchini Thailand, tangu mwaka 2001, upo mfuko wa afya unaolishwa na nyongeza ya asilimia 2 juu ya ushuru wa tumbaku na pombe. Kazi yake haisimami kungojea huruma ya bajeti. Kampeni ya wiki moja haimwachishi mtu sigara. Kazi hii ni ya miaka.

Nalijua hili kwa uchungu. Marehemu kaka yangu alijaribu kuacha mara tatu. Nasaha aliyopewa kila mara ilikuwa moja: jikaze. Hapakuwa na mshauri wala dawa ya kumpunguzia uraibu. Na hadi leo, nje ya lango la shule anakofundisha rafiki yangu, sigara huuzwa moja moja kibandani, kinyume cha sheria, kwa bei ya peremende.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hapana budi tuitumie. Tuulize ni kiasi gani kimekusanywa tangu hukumu ile, na kimetumiwa katika kazi gani. Na jibu lije kwa Kiswahili, lisomeke na mzazi aliye kijijini.

Walimu wenzangu, lipelekeni neno hili darasani, katika insha na midahalo. Mwanafunzi akishajua kwamba kipo kifuta machozi kilichowekwa kwa ajili yake, hatakubali kuambiwa ajikaze.