Gari likigoma, anza na fyuzi kabla ya kunyonya petroli

Chukua mfano wa asubuhi ya shule Vihingo, mkoani Pwani. Watoto wameshavaa sare na wameketi kwenye Corolla iliyotengenezwa kabla hawajazaliwa. Baba anapiga stata. Inazunguka vizuri, lakini gari haliwaki. Anajaribu tena na tena. Fundi yuko Mlandizi na simu haipokei.

Kinachofuata wengi wanakijua. Mpira unaingizwa kwenye tanki, mtu anavuta petroli kwa mdomo aone kama ni safi, na iliyotoka inajazwa kwenye chupa ya soda. Chupa inaachwa kibarazani. Mtoto wa miaka mitatu anapita hapo hapo.

Hatari kubwa ya petroli iliyomezwa iko kwenye mapafu. Ni nyepesi, hivyo mtu akipaliwa au akitapika huteleza kwa urahisi hadi kwenye njia ya hewa. Kiasi kidogo tu kinaweza kuleta nimonia kali. Yuko hatarini baba anayevuta kwa mpira, na yuko hatarini mtoto anayedhani ile ni soda.

Kwenye gari la zamani lenye nozeli, mafuta yasipofika kwenye injini mara nyingi shida ni ya umeme: fyuzi, rilei, waya au pampu yenyewe. Mengi ya hayo hukaguliwa bila kugusa tone la petroli.

Kabla ya yote, shusha watoto na uwasogeze mbali. Ukisikia harufu kali ya petroli, usiguse swichi wala waya. Fungua milango, kaeni mbali na msubiri fundi.

*Sikiliza pampu*

Kama hakuna harufu, mtu mmoja akae kiti cha nyuma, redio na feni zikiwa zimezimwa. Mwingine awashe swichi bila kupiga stata. Kwenye magari mengi pampu huvuma kwa sekunde 2 au 3 kisha hunyamaza. Baadhi ya Toyota za zamani pampu huanza pale tu stata inapozunguka, hivyo sikilizeni na wakati huo pia. Ikivuma, umeme unafika na tatizo huenda liko kwingine. Ikiwa kimya, endelea.

*Fyuzi na rilei*

Zima swichi. Kwenye Toyota nyingi fyuzi inayohusika ina herufi EFI. Ichomoe uitazame kwenye mwanga. Ikiwa imekatika, weka nyingine yenye namba ile ile: ya 15 irudishwe 15. Usifunge waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, kuna waya unaogusa bodi, na kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kukaribisha moto.

Rilei hupimwa kwa kubadilishana na nyingine ya gari hilo hilo, mradi namba na miguu vifanane. Pampu ikivuma baada ya hapo, umepata mgonjwa.

*Waya na ethi*

Hapa inahitajika testa ya volti 12 na mtu anayejua kuitumia. Soketi ya pampu mara nyingi iko chini ya kiti cha nyuma. Taa ya testa ikiwaka wakati stata inazunguka na pampu iko kimya, kuna mawili: pampu imekufa, au ethi imeshika kutu pale inapofungwa kwenye bodi. Kutu hiyo husuguliwa kwa msasa. Taa isipowaka, umeme unapotelea njiani. Usigusishe waya mbili kuona cheche. Mvuke wa petroli hautaki cheche kubwa, na waliofiwa kwenye mlipuko wa lori la mafuta Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, uliochukua maisha ya watu zaidi ya 100, hawahitaji kuelezwa hilo.

Kuishia hapo kunatosha kwa mzazi. Kufungua tanki au bomba la mafuta ni kazi ya fundi, kwa sababu bomba hubaki na presha hata injini ikiwa imezimwa, na likilegezwa hurusha petroli usoni.

Fundi akikwambia pampu imekufa, kumbuka kwamba pampu ya ndani ya tanki hupozwa na petroli inayoizunguka. Gari linaloishi kwa mafuta ya elfu tano tano, taa ya njano ikiwaka kila siku, huipika pampu yake. Jitahidi tanki lisishuke chini ya robo.

*Mtoto akinywa petroli*

Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula, maana yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji na sabuni, kisha mkimbize kituo cha afya mkiwa na ile chupa. Akikohoa, akipumua haraka au akilegea, hilo ni jambo la dharura. Hata akionekana mzima mpeleke, kwa kuwa dalili za mapafu zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mtu mzima aliyepaliwa wakati wa kuvuta naye aende. Moto ukitokea, namba ya Zimamoto ni 114.

Na leo jioni, pitia kibarazani na stoo. Petroli yoyote iliyo kwenye chupa ya soda au ya maji ihamishiwe kwenye dumu la mafuta lenye kifuniko, nje ya nyumba, mahali mtoto hafiki.