Leseni ya Lishe Isiwe Karatasi Tu

Mai Mahiu ni njia panda. Hapo, chini ya genge la Bonde la Ufa, barabara itokayo Nairobi hugawanyika, moja ikaelekea Naivasha na nyingine Narok. Madereva wa malori hutua hapo kula, na wachuuzi hawakosi. Katika miji ya namna hii, mtu yeyote aweza kutandaza meza kando ya njia na kujiita daktari wa lishe.

Wapo wanaouliza kwa nini mshauri wa chakula atahiniwe ndipo apewe leseni. Wasema kula hufunzwa jikoni na mama. Hoja hiyo haina mashiko. Mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofu hushindwa kuyatoa vyema mwilini madini ya potasiamu. Ndizi, maparachichi na viazi, ambavyo mtu mwenye afya huhimizwa kuvila, vyaweza kuyalimbikiza madini hayo katika damu hata moyo ukasimama. Na mwenye kisukari ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akishauriwa aache sindano na kutegemea unga wa mitishamba, aweza kufa kwa siku chache.

Hatari za aina hiyo ndizo zinazoipa uzito sheria ya wataalamu wa lishe ya mwaka 2007, iliyounda taasisi ya KNDI ili iwasajili wataalamu hao, iwape leseni na kuwasimamia. Tunaunga mkono mtihani. Hata hivyo, twasisitiza kuwa mtihani upime kazi yenyewe.

Mtahini asiridhike na mtu aliyekariri majina ya vitamini. Amwulize: mama wa Mai Mahiu mwenye figo mbovu, ambaye mfuko wake haumpi ila viazi, ale nini jioni ya leo? Anayeijua kazi atamwambia avimenye, avikate vipande vidogo, avichemshe katika maji mengi kisha ayamwage, kwani sehemu ya potasiamu hutoka na maji hayo. Naye ale kiasi kidogo. Asiyeijua atamwandikia orodha ya vyakula asivyoweza kuvinunua.

Aidha, mtihani ulio mgumu haumkingi mgonjwa iwapo asiyeufanya huachwa atibu watu barabarani. Wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Wakaguzi wasiishie katika hospitali za miji mikubwa. Washuke hadi masokoni. Serikali za kaunti nazo ziwaajiri waliofaulu, kwa maana mgonjwa asiyempata mtaalamu zahanatini atamwendea mchuuzi.

Mwananchi naye ana wajibu. Kabla ya kuiacha dawa ya hospitali kwa neno la mtu, aombe kuiona leseni yake bila haya. Aliyefuzu kwa haki hatakasirika kuulizwa.